Homoni, mishipa ya kondo la nyuma na presha ya ujauzito: naomba kuelezwa

NyarAhero ameuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Ninaishi Ahero, nje kidogo ya Kisumu, na nina mimba ya pili ambayo imefika wiki ya 14. Katika mimba ya kwanza presha ilipanda ghafla mwezi wa nane ikafika 160 kwa 110, mkojo ukaonyesha protini nyingi, na ikabidi nizalishwe kabla ya wakati. Mtoto alilelewa katika chumba cha watoto njiti, akapata nguvu, na leo anawakimbiza kuku uani. Namshukuru Mungu.

Safari hii nilianza kliniki mapema. Daktari alisoma kijitabu changu cha mama na mtoto, akaniandikia aspirini ya miligramu 75 ya kumeza kila usiku pamoja na vidonge vya kalisi. Alisema kwamba tatizo la mara ya kwanza lilianzia kwenye kondo la nyuma, kwamba mishipa ya kondo huongozwa na homoni, na kwamba homoni hizo zilikosa uwiano. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Nyumbani maelezo ni mengine. Mama mkwe, ambaye ananipenda na simlaumu hata kidogo, anaamini kuwa presha ile ililetwa na mawazo, kwa kuwa mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi wakati huo. Tena tangu nimwambie habari za aspirini amekuwa akinisihi niiache, kwa sababu enzi zao wajawazito walikatazwa kuimeza. Dada yangu naye anatumia enalaprili kwa presha yake, na ameahidi kunigawia endapo yangu itapanda tena.

Naomba mwenye ujuzi anieleze bila haraka. Homoni zinaongozaje mishipa ya kondo, na inakuwaje kiungo kinachomlisha mtoto kimpandishie mama presha? Aspirini inaingia wapi hapo? Na je, ni kweli kwamba ni mawazo yangu yaliyomfanya mwanangu azaliwe kabla ya siku zake? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mwalimu_wa_Biolojia amejibu:

Dada yangu, nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Kakamega, na nitaanza na swali lako la mwisho, kwa maana sehemu kubwa ya jibu lake imo katika maumbile ya kondo lenyewe.

Mishipa ya damu ya mikono, tumbo na ngozi imefungamana na neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mtu akishtuka, neva hizo huibana mishipa mara moja na presha hupanda. Mishipa iliyo ndani ya kondo la nyuma haina neva, na vivyo hivyo sehemu kubwa ya uzi wa kitovu. Ubongo wa mama hauna njia ya kuiamuru, wala ubongo wa mtoto. Hufunguka na kubana kwa kufuata kemikali tu: zile zinazoletwa na damu, na zile ambazo ukuta wa mshipa hujitengenezea wenyewe. Hii ndiyo sababu daktari alikutajia homoni. Mawazo yanaweza kupandisha presha kwa muda, lakini hayatoshi kueleza ugonjwa uliokupata, yaani priklampsia (presha ya ujauzito inayokuja na protini kwenye mkojo), ambao kwa kawaida mizizi yake huota katika wiki za mwanzo za mimba, wakati ambapo hata majirani hawajatambua kwamba mwanamke ni mjamzito.

Wiki hizo hutokea nini? Katika ukuta wa mfuko wa uzazi kuna ateri nyembamba zilizojipinda, zenye misuli ya kutosha kuzibana karibu kabisa. Kondo linapojishikiza, seli zake huingia ndani ya ateri hizo, huondoa misuli ya ukuta wake na kuziacha zikiwa mirija mipana isiyobana tena. Kazi hiyo huendelea hadi karibu nusu ya mimba. Ikifanikiwa, damu inayopita katika mfuko wa uzazi huongezeka hadi kufikia kiasi cha mililita 600 hadi 700 kwa dakika mimba inapokomaa. Wewe unatoka Ahero, kwa hiyo umeona jinsi maji ya mfereji mpana yanavyoingia kwenye shamba la mpunga polepole na kulijaza lote, ilhali maji yaleyale yakipitishwa kwenye bomba jembamba huruka kwa kasi na kuchimbua miche. Ndivyo ilivyo kwa damu ya mama. Ateri zisipopanuliwa vizuri, damu huingia kwa kasi na kwa vipindi, ikayaumiza matawi madogo ya kondo na kuyanyima hewa ya oksijeni iliyo thabiti.

Sasa tuje kwenye homoni zenyewe. Naomba uvumilivu, kwa maana hapa ndipo penye utamu wa somo.

Kuna zinazofungua na kuna zinazobana, na mimba yenye afya hutegemea zinazofungua ziwe na nguvu zaidi. Oksidi ya nitriki hutengenezwa na utando wa ndani wa mshipa kila damu inapoupapasa. Huishi sekunde chache tu, ikailegeza misuli iliyo jirani, kisha ikatoweka. Estrojeni huchochea utando huo utengeneze zaidi. Prostasaiklini, iliyogunduliwa mwaka 1976 na kikundi cha John Vane huko Uingereza, hulegeza mishipa na pia huzuia damu isigande. Mpinzani wake ni thromboksani, ambayo hubana mishipa na kuzikusanya chembe za kugandisha damu. Cha ajabu ni kwamba zote mbili hutokana na mafuta ya aina moja yaliyo kwenye utando wa seli, na hutengana njia katika hatua za mwisho tu. Mwaka 1985 mtafiti Scott Walsh alionyesha kwamba kondo la mwanamke mwenye ugonjwa huu hutoa thromboksani nyingi kuliko prostasaiklini, ilhali katika mimba ya kawaida hulingana. Ongeza hapo endothelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1988, ambayo ni miongoni mwa kemikali zinazobana mishipa kwa nguvu kubwa kabisa mwilini.

Kuna pia anjiotensini, ambayo figo huanzisha utengenezaji wake. Katika mimba kiasi chake huongezeka sana, na bado presha ya mjamzito mwenye afya hushuka kidogo miezi ya katikati, kwa sababu mishipa yake huwa haiisikii ipasavyo. Mwaka 1973 Norman Gant na wenzake kule Dallas walifuatilia wanawake wenye mimba ya kwanza, wakaona kwamba wale waliokuja kupata ugonjwa walianza kupoteza ukinzani huo wiki nyingi kabla presha haijapanda. Kipimo cha mkono kilikuwa bado kizuri, lakini mishipa ilikwisha badilika. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifundisha, kwa maana huonyesha jinsi mwanamke anavyoweza kujisikia mzima huku safari ya ugonjwa imekwisha anza.

Na mama hupataje madhara ya kondo la mtoto? Kondo lililokosa oksijeni ya kutosha humwaga ndani ya damu ya mama protini zinazonasa homoni za kutunza mishipa. Mojawapo, inayojulikana kwa kifupi kama sFlt-1, hunasa vichocheo vya ukuaji wa mishipa kabla havijafika vinakohitajika. Mwaka 2003 kikundi cha Ananth Karumanchi huko Boston kiliwapa panya wenye mimba protini hiyo, nao wakapata presha na protini kwenye mkojo. Utando wa mishipa ukikosa vichocheo hivyo, huacha kutengeneza oksidi ya nitriki na prostasaiklini ya kutosha, na madhara huenea mwili mzima: kwenye figo protini huvuja, kwenye ini huja maumivu chini ya mbavu za kulia, kwenye ubongo huja kichwa kikali na kuona vimulimuli, na mwishowe kifafa cha mimba.

Kwa hiyo dada, usijibebeshe mzigo usio wako. Masuala ya dawa nawaachia wanaozitoa kila siku.

SistaMkunga_Nakuru amejibu:

Ahsante Mwalimu. Nimefanya kazi ya ukunga kwa muda mrefu, sasa niko Nakuru, na nitaanzia alipoachia.

Dada, aspirini inayokatazwa na mama mkwe na hii uliyoandikiwa ni dawa moja kwa kiasi tofauti, na kiasi ndicho kinachobadilisha mambo. Vidonge vikubwa vya kutuliza maumivu tunavikataza katika mimba, hasa miezi ya mwisho, na hapo mama ana haki ya kuogopa. Kiasi kidogo hufanya kazi kwa namna nyingine. Chembe za kugandisha damu, ambazo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya thromboksani, hazina kiini, kwa hiyo aspirini ikikizima kimeng'enya chake, yaani protini inayoisaidia kutengeneza thromboksani, chembe hiyo haiwezi kutengeneza kingine hadi ife, na huishi takriban siku 7 hadi 10. Seli za utando wa mshipa zina kiini, hivyo hutengeneza kimeng'enya kipya na kuendelea kutoa prostasaiklini. Ukimeza kidogo kila siku unapunguza kinachobana na kukiacha kinachofungua. Ule uwiano aliousema Mwalimu unarudishwa kwa kidonge kidogo sana, na mimi bado naona hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Muda wa kuanza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa wanawake walio katika hatari kubwa, na kuanza kabla ya wiki ya 20, kwa sababu baada ya hapo kazi ya kupanua ateri huwa imekwisha. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, na idadi ya waliopata ugonjwa huu kabla ya wiki ya 37 ikashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Wewe umeanza wakati unaofaa. Usibadilishe kiasi mwenyewe, na usiache bila kumwambia daktari wako.

Kalisi nayo inahusu homoni. Chakula kikiwa na kalisi kidogo, tezi za shingoni hutoa homoni ya kuivuta kutoka kwenye mifupa, na homoni hiyo pamoja na zile za figo huifanya misuli ya mishipa ibane zaidi. Ndiyo maana mahali ambapo watu hawapati kalisi ya kutosha, wajawazito hupewa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, zikigawanywa mara tatu. Usimeze pamoja na vidonge vya damu, kwa maana kalisi huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Acha saa kadhaa zipite kati yake. Omena wakiliwa wazima na mifupa yao wana kalisi nzuri, na ninyi wa ziwani mmebarikiwa kwa hilo, lakini wasichukue nafasi ya vidonge.

Kuhusu enalaprili, nakuomba kwa unyenyekevu wote: usiiguse. Dawa hiyo huzuia anjiotensini, na figo za mtoto aliye tumboni huitegemea anjiotensini ili zikue na kutoa mkojo, ambao ndio sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka. Mama aliyeitumia miezi ya kati na ya mwisho anaweza kuishiwa na maji hayo na figo za mtoto zikaharibika. Losartani iko kundi hilohilo la kukatazwa. Zinazotumika katika mimba ni methildopa, nifedipini na labetaloli, na huandikwa na daktari. Dada yako ana nia njema, lakini mpe jibu hili leo, si siku presha itakapopanda.

Tena fahamu kwamba dawa za presha hazitibu kondo. Zinamlinda mama asipasukiwe na mshipa wa ubongo huku tukimpa mtoto muda wa kukomaa. Nyumbani watu wengi hufurahi presha ikishuka kwa dawa, wakadhani ugonjwa umekwisha, kumbe unaendelea chini kwa chini na mkojo unaendelea kupoteza protini. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, ni ya kuchunguzwa siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, hata kama hujisikii vibaya.

NyarAhero ameandika:

Nimesoma nikiwa na machozi, Mwalimu na Sista. Nitamsomea mama mkwe maneno haya jioni. Naomba kuuliza mawili zaidi. Je, nipunguze chumvi na nikae kitandani ili nisaidie? Na je, ninaweza kujipima nyumbani? Jirani yetu ni mhudumu wa afya ya jamii na ana mashine ya presha.

MhudumuSiaya amejibu:

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Siaya, na mashine hizo tulipewa pamoja na mikoba yetu mwaka 2023, kwa hiyo mwite jirani yako bila aibu. Ila mtazame anavyopima, kwa maana namba za uongo zina hatari mbili, ya kumtisha mtu bure na ya kumtuliza asiyefaa kutulia. Kwanza uende msalani. Kisha ukae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuzungumza, miguu yote miwili ikiwa chini na isipishanishwe, mkono ukilala juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa sweta, na uwe wa saizi ya mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Andika tarehe, saa na namba zote mbili katika daftari, na ulibebe daftari hilo kliniki.

Katika vijiji ninavyotembelea, bado nasikia ikisemwa kwamba mama akivimba uso na vidole hadi pete ikakataa kutoka, basi amebeba mapacha au mtoto wa kiume mwenye nguvu. Kuvimba miguu jioni ni kwa wengi. Uso uliovimba asubuhi, pamoja na kichwa kisichosikia panadoli, huwa simsubirishi mama yeyote. Natafuta pikipiki au gari kwanza, maelezo tutayatoa njiani.

SistaMkunga_Nakuru amejibu:

Mhudumu amesema vyema, na natamani kila kijiji kiwe na mtu kama yeye.

Chumvi na kitanda: Shirika la Afya Duniani halipendekezi kupunguza chumvi kwa lengo la kuzuia ugonjwa huu, wala kulala kitandani. Kula chakula chako kwa kiasi cha kawaida, tembea, fanya kazi nyepesi. Kitanda cha muda mrefu katika mimba huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Kwa kuwa ulizalishwa mapema mara ya kwanza, panga tangu sasa utakakojifungulia. Huko Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambako wanaweza kukupima kwa ukaribu na kumpokea mtoto njiti ikihitajika. Omba pia upimwe kwa mashine ya picha yenye kuonyesha mwendo wa damu kwenye uzi wa kitovu pale daktari atakapoona inafaa, kwa maana kondo likibana, damu ya mtoto hupita kwa shida na picha hiyo huonyesha mapema.

Na likitokea la kutokea, utasikia wakitaja sindano ya magnesi. Nakueleza mapema ili usiogope. Si dawa ya kushusha presha, ni ya kuzuia kifafa. Utafiti uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Utasikia joto likipanda mwili mzima, na ile ya makalioni huuma kweli. Muuguzi atakugonga goti kwa nyundo ndogo, atahesabu pumzi zako na kupima mkojo wako kabla ya kila dozi, kwa sababu magnesi ikizidi mwilini goti huacha kuruka kabla pumzi hazijaathirika, na dawa ya kuirudisha nyuma, kalisi glukoneti, inapaswa kuwa karibu. Akikugonga goti mara kwa mara usikasirike, anafanya kazi yake.

Mwalimu_wa_Biolojia amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo watu husahau. Kwa kuwa chanzo ni kondo, tiba ya kweli ni kuzaa na kondo kutoka. Lakini ile sFlt-1 na wenzake hubaki ndani ya damu kwa muda, na utando wa mishipa ulioumia hauponi kwa saa moja, kwa hiyo presha huweza kupanda zaidi siku chache baada ya kujifungua. Wapo wanaopata kifafa wakiwa wamekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani, wakati ambapo kila mtu anamtazama mtoto na hakuna anayemtazama mama.

SistaMkunga_Nakuru amejibu:

Kweli kabisa, Mwalimu. Dada, upimwe presha kabla ya kuruhusiwa, upimwe tena ndani ya siku tatu na katika wiki ya pili, na dawa za presha ulizopewa usiziache mwenyewe kwa sababu mtoto amekwisha zaliwa. Presha isiposhuka hadi wiki ya 12, itafaa kuchunguzwa kama presha ya kudumu. Hata ikishuka, mwanamke aliyewahi kuupata ugonjwa huu ana hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi inayokaribia mara mbili ya wengine katika miaka ya baadaye, kwa hiyo ujipime angalau kila mwaka, hata mtoto akiwa shuleni. Ukienda kliniki wiki ijayo, mwombe daktari aandike haya yote kwenye kijitabu chako, ili atakayekupokea siku ya kujifungua ayakute.

NyarAhero ameandika:

Nimemwambia dada abaki na dawa yake. Mama mkwe amesikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mengi kuhusu zile neva, kisha akasema yeye ndiye atakayenikumbusha kidonge cha usiku. Kliniki ni Jumanne, nitaleta majibu ya mkojo hapa.